Mrejesho: Barua za Rose kwa Evangeline

Wadau, mtakumbuka niliomba msaada wa kuzielewa barua za Rose Cleveland, dada wa Rais Grover Cleveland wa Marekani, kwa mwenzi wake Evangeline, zilizohifadhiwa Minnesota. Asanteni sana.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kuanzia mwisho, makaburini. Wamelala jirani kule Bagni di Lucca, Italia, walikohamia pamoja 1910. Rose alifariki 1918 kwa homa ya mafua. Evangeline akafia London 1930, akarudishwa kuzikwa pale pale. Nikiyajua hayo, barua za 1890 zilinigusa kweli. Huyu ni mwanamke wa miaka arobaini na ushee anayemwaga moyo wake wote kwenye karatasi! Na 1896 Evangeline aliolewa na Askofu Whipple, nikadhani yameisha. Hayakuisha.

Kuna lililokwama: mlinishauri niyatafute majibu ya Evangeline ili nizioanishe tarehe. Sikuyapata. Nimebaki na sauti ya Rose peke yake, ya Evangeline naisikia kwa kubahatisha tu, pale Rose anapomjibu. Inaniuma bado.

Aliyesema nisome kwa sauti, mstari kwa mstari: ubarikiwe.