Tupeane uzoefu: repo moja, miradi mingi. Mnamzuiaje asiyehusika?

FundiMitaMbili:
Habari za jioni wakuu. Ofisini tuna repo (hazina ya kodi) moja ya Git, mfumo wa kutunza kodi na historia yake, ndani kuna folda za miradi minne: mishahara, tovuti ya wateja, programu ya simu na ripoti. Sasa inakuja kampuni ya nje kushughulikia programu ya simu tu, pamoja na vijana wa fildi. Bosi anataka hao wa nje waone folda ya simu na basi, mishahara wasiinuse. Nimemwambia Git haina hicho kitu, ananijibu "mbona ule mfumo wa zamani ulikuwa nacho?" Wa zamani ulikuwa Subversion.

Waliopitia haya watupe yaliyowakuta. Ulitumia nini, na kilikugomea wapi?

Babu_wa_Seva:
Bosi wako yuko sahihi mkuu. Nimesimamia Subversion ya taasisi fulani enzi hizo. Ruhusa zote zilikaa kwenye faili moja linaloitwa authz. Juu unataja makundi, chini unataja folda na nani afanye nini:

[groups]
wahasibu = asha, juma
wasimu = neema, baraka

[/]
* = r

[/mishahara]
@wahasibu = rw
* =

[/simu]
@wasimu = rw

Hapo r ni kusoma, w ni kuandika, nyota ni kila mtu. Ile nyota yenye alama ya usawa bila kitu mbele yake ndiyo kufuli. Neema akichukua repo nzima, folda ya mishahara haimtokei hata jina.

Sasa angalia ule mstari wa `[/]`. Aliyenitangulia aliuweka ili watu wasimsumbue, na ruhusa za Subversion zinarithiwa kwenda chini. Maana yake kila folda mpya inazaliwa ikiwa wazi kwa wote, mpaka mtu akumbuke kuifunga. Folda ya tenda ikakaa wazi hivyohivyo. Tulishtuka siku jamaa wa idara nyingine kabisa alipouliza, tena kantini, kwa nini bei yetu iko chini vile. Tangu siku hiyo juu kabisa ni `* =` tupu, halafu unafungua folda moja moja kwa anayehusika.

Na kuna hili lililowaleta watu mlangoni kwangu kila wiki: komiti (badiliko lililohifadhiwa) ikigusa folda mbili, moja unayoruhusiwa na nyingine huruhusiwi, kwenye logi unaona jina la aliyeifanya na tarehe, lakini ujumbe wake unafichwa. Wote walidhani seva imekufa.

kodi_na_kahawa:
Kwenye Git sahau kuficha folda. Tangu Linus Torvalds aianzishe 2005, ukiruhusiwa kusoma repo umeruhusiwa yote, pamoja na historia yake. Nyaraka za Git zenyewe zinakiri kwamba itifaki zake za kuvuta kodi toka seva na kuisukuma huko hazikuundwa kumzuia mtu kuchota ambacho hukukusudia kumpa. Ukiwa na siri, iweke kwenye repo nyingine.

Kuna mtu kwetu alikuja na sparse-checkout akasema tatizo limeisha. Ile inapunguza tu folda zinazotokea kwenye diski. Kijana wa mkataba aliandika git show na njia ya faili, likamtokea lote kwenye skrini mbele ya kikao.

DadaTerminal:
Na CODEOWNERS, lile faili la kutaja wamiliki wa folda, isikudanganye. Inahusu nani aidhinishe mabadiliko. Kusoma haigusi.

mpwani_001:
Sie huku Mombasa hatukutaka kulipia huduma ya mtu, tukaweka Gitolite, programu ya kusimamia ruhusa za repo za Git, kwenye seva yetu. Ruhusa zenyewe zakaa ndani ya repo, yaitwa gitolite-admin. Folda ya keydir ina funguo za umma za kila mtu, na faili la conf lasema:

repo simu
    RW+ = neema
    R = @fildi

Ile alama ya kujumlisha ni ruhusa ya kusukuma kwa nguvu (kuandika juu ya historia iliyopo) na kufuta tawi, usiigawe kama peremende. Raha yake ni kwamba kila ruhusa ina komiti yake: nani aliitoa, lini. Mtu akiondoka kazini wafuta faili lake la .pub, wasukuma, kwisha. Yaweza pia kumzuia mtu *kuandika* kwenye folda fulani, kwa kitu chaitwa VREF/NAME. Kusoma, hata yenyewe haiwezi.

Wakili_wa_Bug:
Tuko GitLab (jukwaa la kuweka repo za Git), repo tofauti, makundi madogo chini ya kundi kuu. Mambo mawili. Kwanza, usimwingize mtu wa nje kwenye kundi kuu. Cheo unachompa pale anashuka nacho kote, na huko chini unaweza kumwongezea, kumpunguzia huwezi.

Pili, hili ndilo lilitutoa jasho. Repo zilikuwa zimefungwa vizuri, lakini majaribio ya miradi yote yalikuwa yakiendeshwa na GitLab Runner (programu inayoendesha kazi hizo) moja, kwa mtindo wa shell. Kazi zote zinakimbia kwa akaunti moja ya mashine. Mkandarasi anaandika `ls` na `cat` kwenye faili lake la .gitlab-ci.yml (linaloamua majaribio yafanye nini), anasoma folda za kazi za mradi wa jirani. Hakuna ruhusa ya GitLab aliyoivunja! Mpe mkandarasi mashine yake peke yake.

FundiMitaMbili:
Aisee hiyo ya runner sikuiwaza kabisa. Kwa hiyo nikate, folda ya simu iwe repo yake. Historia ya folda ya simu nisiipoteze, nifanyeje?

kodi_na_kahawa:
Kloni (nakili repo nzima) upya, halafu git filter-repo --path simu/. Inabakiza komiti za folda hiyo tu. Kama zamani iliitwa jina lingine, taja na jina hilo kwa --path ya pili, la sivyo historia inaishia siku mlipobadilisha jina. Kisha pekua hicho kilichobaki, hasa mafaili ya .env (ya mipangilio na siri). Funguo ya malipo ikiwahi kupita humo, ibadilishwe hata kama ilifutwa siku hiyohiyo.

DadaTerminal:
Na fungua akaunti ya majaribio yenye cheo kilekile cha mkandarasi, ujaribu kukloni mishahara kabla yeye hajajaribu.

FundiMitaMbili:
Mrejesho wakuu. Nimekata, nimeweka GitLab, nimejaribu na akaunti hiyo. Inajibu kwamba mradi haupatikani au huna ruhusa. Bosi kasimama nyuma yangu, anauliza mbona inasema haupatikani wakati upo.

Wakili_wa_Bug:
Mwambie ni makusudi. Ingesema "umekatazwa", mkandarasi angeshajua kuna mradi unaitwa mishahara.