Civ 6 (Civilization VI, gemu la kompyuta la kujenga dola na kupigana kwa zamu): huyu adui wa kompyuta hajui vita, anabebwa tu!

Wakuu, tuache kudanganyana. Deity, ngazi ngumu kuliko zote, si akili, ni mbeleko. Wewe unaanza na mlowezi (mwanzilishi wa mji) 1, yeye 3, na kila askari wake kaongezewa nguvu 4 za bure. Kwenye bao kila mtu ana kete 32. Mzee wa kijiweni Magomeni akidai 96, nani atakaa kucheza naye?

Na kubebwa kote huko, ukuta unamshinda! Pigo la askari wa upanga linaingia kwenye ukuta asilimia 15 tu, la mshale nusu, la manati lote. Yeye anatanguliza panga, manati inafuata bila mlinzi hadi hatua 2 kutoka mjini. Manati ikisogea haipigi zamu hiyo (labda iwe na jenerali), kwa hiyo inakaa pale inatwangwa na mji. Gogo la kubomolea, la kuwasaidia askari wa upanga kuvunja ukuta, analo, ila utalikuta upande ambao hana askari hata mmoja.

Kumzima zama za mwanzo ni kazi ndogo. Jenga ukuta, tafuta wapiga mishale 3. Askari mmoja mweke kilimani, mto uwe mbele yake, usimguse zamu 2. Kilima kinampa nguvu 3, kujichimbia (kutulia hapohapo zamu hizo 2) 6, na anayemshambulia kwa kuvuka mto anapoteza 5. Ile 4 ya mbeleko imeishia hapo. Mishale yote ipige kikosi kimoja mpaka kife, usiigawe. Majeruhi wake wanarudi nyuma, halafu kabla hawajapona hao tena mbele.

Ugonjwa ulianza Civ 5, 2010, ilipokuja sheria ya kigae kimoja cha ramani kikosi kimoja. Civ 4 alikuwa anarundika jeshi zima anakuja nalo, na ulikuwa unaogopa kweli. Sasa kila kikosi ni kama kinajiamulia chenyewe, kwenye njia nyembamba ni foleni ya Ubungo jioni. Baharini ndiyo usiseme.

Msiniambie "panda ngazi". Ukipanda zinabadilika namba, ujinga uleule. Civ 5 mashabiki walipewa msimbo wa ndani, ikatoka modi (gemu lililoboreshwa na mashabiki) ya Vox Populi, adui akapigana kama mtu. Wenye gemu lao walishindwa nini?

Anayebisha aweke picha: Deity, mji wa mchezaji, ukuta umesimama, wapiga mishale 3 ndani ya eneo, na umetekwa. Nasubiri.