Ligi ya Mario Kart Makole: silaha zizimwe au ziachwe?

Fundi Pedi
Wakuu salaam. Kuna kibanda kimoja cha gemu huku Makole, Dodoma, kimeingiza Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, sasa wanataka kuanzisha ligi ya Mario Kart 8 Deluxe, gemu la mbio za magari, watu wanne wanne kwenye skrini moja. Kiingilio buku mbili, mshindi anabeba mzigo, mwenye kibanda anakata chake. Ubishi uliopo: kwenye kanuni za mbio silaha, vile vitu mnavyookota njiani na kurushiana, zizimwe au ziachwe? Mimi nasema zizimwe. Unaongoza mizunguko miwili na nusu, kona zote umezikata kwa adabu, halafu mtu wa mwisho anakurushia gamba la bluu linakufuata kama deni la dukani. Hapo buku mbili yangu imeliwa kihalali kweli? Twende kwa hoja.

Zabibu Chachu
Ziachwe. Ukizima utakuwa unawalipisha watu wamtazame mtu mmoja akikimbia peke yake. Na gamba la bluu lina dawa yake, ile honi inayolipasua. Ukiipata ukiwa mbele usiipulize kwa furaha, ikalie. Deluxe unabeba vitu viwili, si kama ile ya 2014 kwenye Wii U, mashine ya zamani, uliyokuwa unashika kimoja. Ganda la ndizi nalo usilitupe, lishikilie nyuma ya gari. Gamba jekundu likija linaishia kwenye ganda, wewe unapeta. Wengi wanaolia bahati mbaya ni watupaji ovyo tu.

Mzee wa Kisasa
Nakazia. Gamba la bluu lipo tangu gemu la kwanza kabisa, 1992. Waliolitengeneza si wajinga.

Binti Nkuhungu
Mzee shikamoo, ila 1992 halikuwepo. Lilikuja na Mario Kart 64, mwaka 1996.
Kabla ya silaha semeni kwanza kuhusu usukani msaidizi, ule unaomzuia mtu asitoke barabarani. Kwenye Deluxe unakuja umeshawashwa. Anayeutumia gari lake lina antena nyuma, hajifichi. Kwenye ligi ya hela upigwe marufuku.

Mzee wa Kisasa
Marahaba. 1992 au 1996, hoja yangu iko palepale.

Zabibu Chachu
Binti, marufuku ya nini wakati anajiumiza mwenyewe? Ukiteleza kwenye kona zinaanza cheche za bluu, zinafuata za machungwa, mwisho zambarau, na hapo ndipo turbo ndefu ilipo. Mwenye usukani msaidizi zambarau haioni kamwe. Njia za mkato za kupita kwenye majani nazo anarudishwa barabarani kama mtoto. Mwacheni na antena yake, atuchangie.

Fundi Pedi
Silaha, wakuu. Swali ni silaha. Na hamjagusa wale wanaojibakiza nyuma makusudi. Gemu linagawa vitu kwa kuangalia umeachwa umbali gani na anayeongoza. Mkijaza na magari ya kompyuta mpaka 12, mjanja anakaa nyuma, anachukua nyota au ile risasi inayokubeba mbele, mzunguko wa mwisho anawapita wote. Huo ndio ufundi?

Bodaboda Mstaafu
Mimi hiyo ligi siingii. Tunaenda kuwachangia wanachuo wa Ng'ong'ona tu. Wana bumu, ile hela ya chuo, na wana muda, mchana kutwa wako kibandani wakati sisi tuko juani. Zizimwe zisizimwe, bingwa ni mwenye bumu.

Mpangaji Ng'ong'ona
Mkuu, bumu lilikukosea nini? Langu likiingia linakuta kodi ya chumba, mama ntilie na fotokopi wamepanga foleni. Hilo la kuchezea gemu mchana kutwa lingepitia wapi? Halafu si zawadi, ni mkopo.

Bodaboda Mstaafu
Mkopo wa kukatwa asilimia 8 ukishaajiriwa, hata mimi ningeuchukua. Mafuta ya pikipiki nani ananikopesha kwa masharti hayo?

Karani wa Mtumba
8 ni ya zamani, mkuu. Sheria ilibadilishwa 2016, sasa ni 15 ya mshahara. Mimi naiona kila mwezi. Afadhali ile 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Waache wacheze, tutakutana nao huku mbele.

Mpangaji Ng'ong'ona
Asante karani. Na wewe mstaafu, jaribu kuzungumzia gemu unalolijua.

Bodaboda Mstaafu
Nimekaa barabarani kabla hujaanza chekechea. Kona siambiwi na mtu anayekaa kwenye kiti.

Binti Nkuhungu
Kaka, kona ya barabarani haina cheche. Na hayo ya bumu ni visingizio. Wakati wa kuhesabiwa mbio zianze, gesi unaikandamiza namba 2 inapotokea, si mapema, ukiwahi gari linazama kwenye moshi wenzako wameondoka. Sarafu unaokota mpaka 10, kwa sababu kila moja inakuongezea kasi, na ukipigwa zinadondoka tatu. Kila kituta ukiruka bonyeza R. Nani kati yenu alihitaji mkopo kujua hayo?

Bodaboda Mstaafu
Dada nawe umetumwa na chuo?

Binti Nkuhungu
Nauza nguo Sabasaba. Nimetumwa na hela yangu.

Mpangaji Ng'ong'ona
Mstaafu, maneno mengi ya nini. Jumamosi, silaha zimezimwa, 200cc, kasi ya juu kabisa, ambako bila kugusa breki huku unateleza unaishia ukutani. Nauli yako juu yangu.

Bodaboda Mstaafu
Nauli ya bumu sipandi.

Zabibu Chachu
Kumbe mwanachuo naye anataka zizimwe! Uzi mzima mnamtetea mtu anayejua kabisa kwamba bila silaha hakuna wa kumkamata. Fundi Pedi, hapo ndipo pa kuangalia: anayezoea barabara ndiye anayetaka zizimwe. Zikiwepo angalau mwenye nusu saa kwa wiki anakuja na matumaini.

Mpangaji Ng'ong'ona
Kwa hiyo kujifunza ni kosa?

Mzee wa Kisasa
Wakati wetu chuo ukisoma, gemu lilikuwa bao.

Fundi Pedi
Nimetoka kuongea na mwenye kibanda. Silaha zitakuwepo, anasema magamba ndiyo yanayofanya watu wajae mlangoni. Usukani msaidizi kila mtu ajiamulie. Majina mwisho Alhamisi.

Karani wa Mtumba
Samahani kutoka nje ya mada: ukishamaliza deni la mkopo, makato yanasimama yenyewe au unapeleka barua kwa mwajiri?

Bodaboda Mstaafu
Fundi, nauliza tu, jina linaandikishwa kwa simu au mpaka nije mwenyewe?