Boriti zimekula chumvi: epoksi, mota ya polima, mabamba ya kaboni au zege la megapaskali 150?

NondoImevimba (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia ukarabati wa jengo la maegesho ya magari, ghorofa tatu, lipo hatua chache tu kutoka baharini na lina miaka zaidi ya 40. Boriti za ghorofa ya kwanza zina nyufa zinazofuata mstari wa nondo za chini. Pengine zege limeshabanduka, nondo iko nje, imevimba kutu.

Nimeita watu wanne, nimepata majibu manne. Wa kwanza anataka kudunga epoksi (gundi ya kemikali inayoganda ngumu) kwenye nyufa na kuziba mashimo kwa mota ya epoksi, yaani mchanga uliochanganywa na gundi hiyo. Wa pili, mota ya saruji yenye polima (plastiki laini). Wa tatu, mabamba ya nyuzi za kaboni yabandikwe chini ya boriti. Wa nne ni kijana msomi, yeye anataka zege la kisasa lenye nyuzi za chuma, megapaskali 150 (kipimo cha nguvu ya zege likibanwa). Michoro ya jengo inasema zege lililomwagwa ni la 25. Kila mmoja anaapa kwamba wengine watatu wananipotosha. Fedha ipo, ila si ya kufanyia majaribio. Nisaidieni kulinganisha.

KokotoMbili
150 juu ya 25! Huko ni kumshonea babu joho la chuma halafu umwambie akimbie.

FundiZege
Mkuu, ufa unaofuata nondo usiuite ufa. Hiyo ni kutu inasukuma kutoka ndani. Chuma kikishaoza kinachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kizima, na zege halijui kuvutwa, linajua kubanwa tu. Lazima lipasuke. Sasa ukidunga epoksi humo umefunika chungu kinachochemka, moto hujauzima. Epoksi ya sindano ni dawa nzuri sana kwa ufa uliokwisha kutulia, mfano jengo lilizidiwa na mzigo siku moja basi. Inaingia hata kwenye ufa mwembamba kama unywele na kuliunganisha zege upya. Kwa ufa wa kutu, huyo wa kwanza mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende.

Mota ya epoksi nimeitumia mwenyewe kwenye bimu za gati moja, zamani. Ilikuwa ngumu kama jiwe, tukajisifu. Misimu miwili baadaye vipande vikaanza kudondoka vizima vizima, na kila kipande kimebeba ngozi ya zege la zamani mgongoni. Gundi haikuachia, zege ndilo lililochanika. Epoksi ikipigwa na jua hutanuka kuliko zege, ikipoa hujikunja kuliko zege, kila siku hivyohivyo. Mwenye nguvu akamchana mnyonge.

Mhandisi_Kimya
Naunga mkono, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanachagua kiraka kwa kuangalia namba kubwa ya nguvu. Kiwango cha Ulaya EN 1504, sehemu ya 3, kimegawa mota za kukarabatia madaraja manne. R1 na R2 si za kubeba mzigo. R3 inaanzia megapaskali 25 na R4 inaanzia 45. Ila soma safu za pembeni pia. R4 inatakiwa ishikane na zege kwa megapaskali 2 na ugumu wake wa kutonyumbuka uanzie gigapaskali 20 (gigapaskali moja ni megapaskali elfu). R3 ni 1.5 na 15. Kwa zege lako la 25, mota ya R3 itanyumbuka pamoja na boriti. Mota ngumu mno itavuta mzigo wote upande wake na kuanza kupasuka ukingoni.

Kwa hiyo kati ya wale wanne, wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini hata yeye kuna kitu hajakwambia. Nondo zako zimeliwa na chumvi, au zege limechoka tu kwa hewa? Umepima?

NondoImevimba
Kupima bado mkuu. Si inaonekana kwa macho?

Mhandisi_Kimya
Kutu inaonekana, sababu haionekani. Zege zima lina pH (kipimo cha asidi na alkali) kama 12.5 hadi 13, yaani alkali kali, na ndani ya ukali huo chuma hujivika ngozi nyembamba ya kukilinda. Ngozi hiyo huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza, hewa ya kaboni dioksidi inaingia polepole na kushusha pH chini ya 9. Ya pili, kloridi za chumvi zinafika kwenye nondo na kuitoboa ngozi hata kama pH bado iko juu. Vunja kipande kipya, nyunyizia fenoftalini, dawa inayobadilika rangi kwenye alkali. Palipo hai pataiva rangi ya pinki, palipokufa patabaki kijivu. Halafu toboa kwa drili, kusanya vumbi kila baada ya sentimita moja ya kina, ukapimiwe kloridi maabara.

Ninasisitiza kwa sababu kama ni kloridi, kiraka kizuri kinaweza kuongeza ugonjwa. Eneo bovu lilikuwa linaoza kwa niaba ya majirani zake. Ukiliponya, jirani ambaye naye ana chumvi anachukua zamu. Baada ya miaka michache unakuta pete ya kutu imezunguka kiraka chako, na kiraka chenyewe kizima kabisa.

FundiZege
Hiyo pete nimeiona sana. Wenye jengo wanadhani fundi kaiba saruji.

Kaboni_Juu
Mbona mnamruka wa tatu? Mwaka 1991 huko Uswisi, daraja la Ibach karibu na Lucerne lilikatwa kebo ya ndani na watu waliokuwa wanatoboa ili kufunga taa za kuongozea magari. Wataalamu wa EMPA, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa vifaa, wakalitengeneza kwa mabamba ya kaboni yenye unene usiozidi milimita 2. Kilo 6.2 za kaboni zilifanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma. Bamba halishiki kutu, mtu mmoja analibeba begani, huhitaji kreni. Tuache mambo ya kubandika udongo juu ya udongo.

Mhandisi_Kimya
Mfano mzuri, ila usome tena. Daraja lile lilikatwa kebo, halikuwa linaoza. Zege lake lilikuwa zima, lilichopungukiwa ni uwezo wa kuvutwa, na kaboni hutoa hichohicho. Hapa zege linabanduka. Bamba litashika kwa uaminifu wote zege ambalo kesho linadondoka. Mwongozo wa Marekani wa mabamba haya, ACI 440.2R, unataka zege la chini ya bamba livumilie kuvutwa angalau megapaskali 1.4 kabla ya kung'oka. Kwa boriti iliyopasuka kwa kutu, sidhani kama utapata hata nusu yake.

Halafu kumbuka hili ni jengo la magari. Gundi ya bamba hilo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kutegemea aina. Gari moja likiwaka chini yake, bamba limekwenda. Ndiyo maana mwongozo huohuo unataka boriti iweze kusimama yenyewe, kwa mzigo uliopunguzwa, hata kaboni ikipotea yote. Na kaboni isigusane na chuma moja kwa moja, maana hupitisha umeme na kukiozesha chuma haraka.

Kaboni_Juu
Sawa, nimekuelewa. Lakini baada ya kuliponya zege bado inaweza kuhitajika, kama nondo zimeliwa sana. Msiitupe.

Mhandisi_Kimya
Baada ya kuponya, ndiyo. Sijaitupa.

Mwanafunzi_Saruji
Samahani wakubwa, na lile zege la bakteria? Si linajiziba lenyewe?

Msomi_wa_Nyuzi
Linajiziba, ila si kwa kazi hii. Henk Jonkers wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, alianza nalo 2006. Ndani ya zege unaweka mbegu za bakteria waliolala pamoja na chakula chao, mfano kalsiamu lakteti. Ufa ukipasuka na maji yakaingia, wanaamka, wanakula, wanaacha chokaa, ufa unajaa. Nyufa hadi karibu milimita 0.8 zimezibwa. Lakini lazima wawemo toka siku ya kumwaga zege, au ndani ya mota mpya ya kiraka. Na ufa unaosukumwa na kutu kila siku unafunguka tena, bakteria watachoka.

Sasa mimi ndiye yule kijana wa 150, au angalau ndugu yake. KokotoMbili amechekesha, lakini sifa ya zege lile haipo kwenye 150. Ipo kwenye kutopitisha maji. Maji kwa saruji na viungo vyake ni kama 0.2 tu kwa uzito, silika laini sana imejaza vitundu, na nyuzi za chuma kwenye asilimia 2 ya ujazo zinazuia ufa usipanuke. Madaraja ya Chillon huko Uswisi, juu ya ziwa Geneva, zaidi ya kilomita 2, yalikuwa yanaliwa na kokoto zake zenyewe: kokoto zikipata maji kwenye saruji kali zinavimba. Mwaka 2014 na 2015 walimwaga tabaka la milimita 40 hivi juu ya slabu, likawa mwavuli na msuli kwa wakati mmoja. Hakuna aliyebomoa daraja.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye mada: maji ya chumvi yanaifikiaje hiyo boriti? Kutoka chini kwa upepo wa bahari, au kutoka juu?

NondoImevimba
Swali hili limenifanya nirudi saiti na tochi. Boriti mbovu kabisa ni tatu, na zote ziko chini ya pengo la kutanukia la slabu ya juu. Mpira wa pengo umeoza zamani. Magari yanaingia na maji ya mvua na ya pwani, yanatiririka hadi hapo, yanadondokea boriti. Zile za katikati zina madoa tu.

FundiZege
Basi nusu ya ugonjwa tumeupata na hakuna aliyeshika tindo bado.

Msomi_wa_Nyuzi
Mwavuli basi uwekwe juu, siyo chini ya boriti. Na kuna zege jingine la kufikiria kwa hilo pengo: lile linalopinda, alilolibuni Victor Li wa chuo kikuu cha Michigan. Zege la kawaida likivutwa huvunjika likirefuka asilimia 0.01 hivi. Hilo huenda asilimia 3 hadi 5, likitoa nyufa nyingi nyembamba chini ya milimita 0.1, ambazo maji hayapiti kirahisi. Huko Michigan 2005 walilitumia kuondoa pengo la daraja kabisa, slabu mbili zikaunganishwa kwa kipande kinachonyumbuka.

Mhandisi_Kimya
Kwa hesabu ya mtu aliyeona jengo lote, tafadhali. Pengo liliwekwa kwa sababu fulani. Ukilifunga bila kujua jengo linasukuma wapi, litatafuta pengo jingine lenyewe.

NondoImevimba
Vipimo vimerudi. Fenoftalini: kijivu ni milimita 8 tu, nondo iko kwenye 20, kwa hiyo hewa haijafika. Kloridi kwenye kina cha nondo, boriti tatu za chini ya pengo, ni asilimia 1.1 ya uzito wa saruji. Za katikati 0.3. Volti za nondo kwenye zile tatu zimeshuka chini ya milivolti hasi 350 karibu kote. Na nondo moja ya milimita 20 tuliyoisafisha kwa brashi ya waya imebaki 17.

Mhandisi_Kimya
Kloridi basi. Wengi huanza kuogopa kwenye 0.4, na chini ya hasi 350 unahesabu kutu inaendelea kwa uwezekano wa zaidi ya asilimia 90. Hiyo ya 17 usiichukulie kwamba imepungua 3 kati ya 20. Eneo lake limepungua karibu asilimia 28. Hiyo boriti inahitaji nondo mpya pembeni, iliyolala sambamba na ya zamani kwa urefu wa kutosha pande zote mbili, au kaboni ya rafiki yetu baada ya kiraka kukauka na kupimwa kwa kuvutwa.

Kwa zile tatu: mota ya polima ya R3, na kwenye kingo za kiraka ufunge vipande vya zinki kwenye nondo. Zinki itaoza kwa niaba ya chuma cha jirani. Hii nayo ni sababu ya kukataa mota ya epoksi, kwa sababu inazuia umeme na zinki haitafanya kazi ndani yake. Za katikati zenye 0.3, zikaushe kwa kuziba juu, uzipime tena kila mwaka.

FundiZege
Na mimi niseme ya mikononi. Kata kingo kwa mashine ziwe wima, kina cha milimita 10, usiache kiraka kimeisha kama ukucha. Chimba mpaka nyuma ya nondo, kidole kipite, milimita 20 hivi. Wengi wanaishia nusu ya nondo, chumvi inabaki mgongoni. Lowesha zege tangu jana yake, siku ya kupaka liwe limeshiba maji lakini juu halingʼai. Ukipaka gundi kwanza halafu ikakauka kabla ya mota, umepaka kitenganishi. Na hizi za polima usizimwagilie wiki nzima kama slabu. Siku moja au mbili za unyevu, kisha ziache zikauke ili polima ijenge utando wake. Soma mfuko.

NondoImevimba
Tunaanza Jumatatu na pengo la juu, kisha boriti ya pembeni kabisa.

FundiZege
Jeki za chuma kwanza, zibane kweli, ndipo tindo. Na yenye nondo ya 17 iwe ya mwisho. Jifunzieni kwenye nyingine.

KokotoMbili
Babu kapona bila joho. Picha tafadhali.