Naomba ushauri: mlezi wetu kwa miaka 21, tumwambieje habari ya saini ya benki?

BintiKaskaziniPemba

Assalamu alaikum wanajamvi. Mie ni katibu wa klabu ya vijana huku wilaya ya Micheweni, Pemba, shehia sitoitaja kwa sababu huku tunajuana wote. Klabu ilianza 2004 ikiwa na timu ya mpira tu, saivi tuna timu ya nage ya wasichana, tunapanda mikoko, tuna twisheni ya usiku ya kidato cha pili na cha nne, na kikundi cha kuweka na kukopa. Yote hayo ukiyafata asili yake unamkuta Maalim wetu, mwalimu mstaafu, umri wake saivi 63. Na yuko Bi mmoja mkulima wa mwani anaewalea wasichana.

Mie nimeingia klabu nna miaka 12. Nilipofeli kidato cha pili baba alishasema basi nikae nyumbani, Maalim akaja akakaa nae barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, sijui walizungumza nini ila wiki ya pili nilirudi skuli. Huyo ndo mtu nnaetakiwa nimpelekee barua.

Iko hivi, umekuja mradi unataka kutupa pesa za kuanzishia vitalu vya miche. Sharti lao viongozi na wanaosaini benki wawe vijana wa miaka 15 mpaka 35 kama sera ya vijana inavyosema, na Maalim ndie msaini wa kwanza tangu akaunti ifunguliwe. Hapo mie sina tatizo. Tatizo wenzangu kwenye kamati wameongeza lao, wanasema apumzike kabisa, wameshaandika barua ya kumshukuru na kumuaga, imebaki saini yangu. Halafu mradi huo huo una posho kwa waelimishaji, na yeye miaka yote hii nauli ya kutupeleka Gombani kwenye mechi ikipungua anatia mkono kwenye mfuko wa kanzu yake. Barua nnayo siku ya tisa kwenye mkoba, nikipita kwake namuamkia na kuondoka. Nifanyeje?

MtuWaKonde

Mdogo wangu tenganisha mambo mawili, saini na ulezi. Kwenye saini mtoeni, tena bila kuchelewa, kwetu msaini mmoja alifariki (Allah amrehemu) na pesa za wanachama zikakaa benki miezi saba tunahangaika na mihtasari na barua za sheha. Hata Sheria ya Baraza la Vijana Na. 16 ya 2013 imewekwa ili vijana wenyewe wasimame kuanzia ngazi ya shehia. Lakini hakuna mfadhili anaekataza klabu kuwa na mlezi. Angalieni katiba yenu, kama mlezi hakuandikwa muandikeni, na kazi yake iandikwe.

MleziMkoani

Mwanangu nimesoma habari yako mara mbili. Mimi ni mlezi wa vijana huku Mkoani mwaka wa 24 huu, na hicho unachokiogopa mimi kilinikuta. Nilijulia kikaoni, mbele ya mgeni kutoka Unguja, kijana niliemfundisha mimi kushika kipaza akashika kipaza akasema tunamshukuru mzee wetu kwa mchango wake. Nikapiga makofi na watu. Nilirudi kwa miguu, boda zilikuwepo ila sikutaka mtu anisemeshe njiani.

Hiyo barua usiipeleke. Barua anapelekewa mtu wa mbali. Nendeni wawili, wewe na mwenyekiti, baada ya alasiri, mkae barazani kwake mumwambie jambo kama lilivyo bila kulizungusha, kwamba sharti ni hili, halafu mumuulize yeye, Maalim saini yako unaona tumpe nani. Yeye anawajua, anajua nani akishika pesa mkono unatetemeka na nani akishika anasahau kama si zake. Mtu akiulizwa hilo hajaondoshwa. Na hiyo posho msimfiche, akija kuisikia dukani itamuuma kuliko saini. Sisi hatukuingia kwa posho, lakini nauli ni nauli, na mimi kuna mwezi nilichukua ya dawa za mke wangu nikajazia gari ya mechi, hakuna anaejua mpaka leo.

Kijana_wa_Wete

Mie nasema upande wa pili na naomba msinielewe vibaya. Si kila mlezi ni kama huyo Maalim. Wetu ana ufunguo wa stoo ya mipira na akisafiri tunacheza na mpira wa kuazima, ukigombea uongozi lazima upite kwake kwanza, mwaka wa nne kamati ni wale wale. Tumeshakwenda barazani mara tatu, kahawa tumekunywa na ufunguo hatukupewa. Kwahiyo heshima sawa ila muandike na muda, mlezi miaka mitatu halafu aulizwe tena na aulizwe mkutano mkuu.

MamaWaBamvua

Dada habari yote umeandika Maalim Maalim, yule Bi umempa mstari mmoja. Kwenye barua yametajwa majina mangapi? Mie nalima mwani na nimelea wasichana kwenye klabu miaka 14, nakwambia timu ya nage haisimami kwa mpira. Inasimama kwa sababu yuko mwanamke anapita nyumba kwa nyumba usiku anawaambia wababa mwanao ntakwenda nae mie na ntarudi nae mie kabla ya isha. Akiondoka huyo mechi ya kwanza mtapata wachezaji watatu.

Na kuna mambo hayamo kwenye daftari. Kwetu ilikuja semina, viti 40 vimepangwa, tukaja watu sita. Waliipanga bamvua! Maji yakitoka mbali namna ile wanawake na wasichana wote wako mwani, na wavulana nusu washakwenda dago, kwenye kambi za uvuvi. Mlezi wetu wa zamani asingekubali tarehe ile, alikuwa anapanga vikao maji mafu, siku maji hayatoki mbali, ila hakuulizwa kwa sababu alishapumzishwa. Kwenye bajeti ya huo mradi ombeni mstari mmoja tu, nauli na vocha ya walezi. Wakikataa changieni nyie kwenye kikundi chenu.

BintiKaskaziniPemba

Nashukuruni nyote, na MamaWaBamvua umenishika pabaya, nimeifungua ile barua tena, Bi hakutajwa kabisa. Nimeichana.

Jana tulikwenda na mwenyekiti. Nimeanza kuzungumza nikalia, mwenyekiti ndo akamalizia. Maalim kanyamaza muda, akaingia ndani akatoka na daftari la zamani la skuli, ndani kuna majina matatu kayaandika tangu Ramadhani, watu anaoona wanafaa kushika saini. La pili ni langu. Kasema alikuwa akisubiri tumuulize. Habari ya posho kauliza ni nani watapewa, tukamtajia, kasema vizuri, hakuongeza neno, na mie nilimuona akiikunja ile kofia yake ya viua na kuikunjua. Kwahiyo mzee wa Mkoani ulisema kweli. Nauli ya walezi tumeshaiombea, majibu bado.

Aliloomba yeye ni twisheni ya kidato cha pili asinyang'anywe. Kijana_wa_Wete na lako la miaka mitatu tumemwambia, kakubali, katuambia tuliandike kwa wino.

Kwa Bi bado hatujenda. Saivi bamvua, hapatikani nyumbani, tunakwenda wiki ijayo maji yakifa.