Nani aliyeamua kwamba mpango wa mtaa uishie katikati ya barabara kuu?

Waungwana, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na wapangaji wa miji waliomo humu wasitarajie lugha laini. Mipango ya mitaa, yaani ramani na kanuni za matumizi ya ardhi ya kila mtaa, imezoea kukata barabara kuu katikati. Ramani ya upande huu inafika kwenye mstari wa kati na kukoma, na ng'ambo yake karatasi ni tupu, kana kwamba huko hakuna shule, maduka wala watu. Mtaa wa pili nao una ramani yake, na utupu wake uko upande wetu. Barabara yenyewe, inayobeba mabasi, biashara na waenda kwa miguu wa mitaa yote miwili, inabaki haina mwenyewe.

Matokeo yake tunayaona. Upande mmoja unaruhusiwa maghorofa yanayoanzia ukingoni mwa njia ya miguu, na wa pili umefungiwa nyumba za chini zilizojificha nyuma ya kuta. Mtaro unapanuliwa kushoto, na maji yanahamia kulia. Linalonichoma zaidi ni kituo cha basi kinachowekwa kwa kufuata mpango mmoja huku kivuko kikichorwa mbali nacho kwa kufuata mpango mwingine, hivyo watu wanavuka pale wanaposhuka. Wakigongwa, wanaitwa wazembe!

Wazo la kuifanya barabara kuu iwe mpaka wa mtaa lina mizizi. Mwaka 1929, katika kazi ya kupanga eneo la New York, mpangaji wa Kimarekani Clarence Perry alipendekeza kila mtaa uzungukwe na barabara kuu, magari yapitayo yabaki nje, na shule ya msingi iwe katikati ili watoto wasivuke msongamano. Nia ilikuwa njema. Lakini Perry huyohuyo aliyaweka maduka pembezoni, kwenye makutano ya barabara hizo hizo, kwa hiyo alimkinga mtoto anayekwenda shule na kumpeleka mzazi wake sokoni palepale penye hatari. Ajabu ni kwamba wengi walionakili mpaka wake hawakunakili uangalifu wake.

Mpaka huo ukiwa pia wa kiutawala, hali ni mbaya zaidi. Barabara ya Eight Mile Road ni ukingo wa kaskazini wa jiji la Detroit, Marekani: upande wa kusini ni jiji lenyewe, upande wa kaskazini ni miji mingine iliyo katika kaunti nyingine, kila mmoja na kanuni zake za ujenzi. Barabara ni moja, lakini hakuna baraza moja linaloweza kuamua kingo zake zote mbili zifananeje.

Najua utetezi: barabara huonekana wazi, haihitaji mawe ya mipaka wala haizushi ugomvi wa viwanja. Kwa kuhesabu watu au kugawa kura, sawa. Kwa kupanga matumizi ya ardhi, mpaka upite nyuma ya viwanja vinavyotazamana na barabara, ili pande zote mbili, vituo, vivuko na mitaro viwe ndani ya mpango mmoja wenye bajeti moja. Mnaofanya kazi hii, nijibuni bila kuzunguka: kivuko kikikosekana mpakani, ni mpango wa mtaa upi uliopaswa kukiweka, na ni nani aliyeutia saini?