Mrejesho: Kibembe kwa watoto wetu wa Nakivale

Ndugu zangu, niliwauliza tufanyeje ili watoto waliozaliwa hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, wasipoteze Kibembe, lugha yetu Wabembe, na mila za Fizi, kwetu mashariki mwa Kongo. Shuleni ni Kiingereza, sokoni Kinyankole, na nyumbani Kiswahili kimeshika kila kona, hasa tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Nilifuata ushauri wa aliyesema tuanzie jikoni. Asante sana!

Jumamosi jioni tunakusanyika kwa koko (mzee) mmoja wa mtaa wetu. Wasichana kwa wavulana wanatwanga sombe (majani ya muhogo) kwa zamu, naye anasimulia kwa Kibembe kitupu. Mwenye swali aulize kwa Kibembe. Mwanzoni walinyamaza tu. Sasa wanakatizana! Kijana wangu, aliyekuwa akiona haya mbele ya wenzake, ndiye anayerekodi hadithi kwa simu na kumtumia shangazi yake Uvira.

Ngoma bado ni shida. Watoto wanapiga jerikani, na wazee wamegoma kufundisha mpaka ipatikane ya ngozi. Nawaunga mkono: mdundo wa plastiki hauamshi miguu. Mwenye kumjua fundi wa ngoma upande wa Isingiro au Mbarara anielekeze.